Ubashiri wa Hatima Mbaya ya Ugonjwa wa Utumbo kwa Watoto Waliozaliwa Kabla ya Wakati: Mazingira ya Kyela na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna hatima mbaya ya ugonjwa wa kufa kwa tishu za utumbo inavyoweza kubashiriwa kwa watoto wachanga waliozaliwa kabla ya wakati, na maana ya ubashiri huo kwa wilaya ya Kyela na vijiji vya mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Yanaeleza kwanza ugonjwa wenyewe, kisha viashiria vya kuzorota kwa mgonjwa, na baadaye sababu za mizani iliyoundwa katika nchi tajiri kutofaa kuhamishwa bila marekebisho. Hoja kuu ni kwamba thamani ya ubashiri hupimwa kwa muda unaobaki wa kuchukua hatua. Katika eneo ambalo safari ya rufaa huanzia ufukweni na kupanda nyanda za Rungwe hadi Mbeya, kiashiria dhaifu kinachoonekana mapema kinaweza kumfaa mtoto kuliko kiashiria cha uhakika kinachoonekana kwa kuchelewa.

1.0 Utangulizi

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka 5 vilikuwa 67 kwa kila vizazi hai 1,000, na vifo vya siku 28 za mwanzo vilikuwa 25. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulionesha kuwa idadi ya kwanza ilishuka hadi 43, ilhali ya pili ilishuka hadi 24 tu. Kwa maneno mengine, nchi imefanikiwa sana kumlinda mtoto aliyevuka mwezi wa kwanza, lakini mtoto mchanga bado yuko pale pale alipokuwa. Zaidi ya nusu ya vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 sasa hutokea katika mwezi huo mmoja. Lengo la Maendeleo Endelevu linataka vifo vya watoto wachanga visizidi 12 kwa kila vizazi hai 1,000 ifikapo mwaka 2030.

Kuzaliwa kabla ya wakati, yaani kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito, ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo hivyo. Watoto hao, ambao katika lugha ya kila siku huitwa njiti, hukabiliwa na hatari kadhaa zinazofuatana. Katika siku za mwanzo hatari kubwa ni mapafu yasiyokomaa, baridi na maambukizi. Anayevuka hatua hiyo hukutana na hatari nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni ugonjwa wa utumbo. Makala haya yanahusu hatari hiyo.

2.0 Ugonjwa na hatua zake

Ugonjwa huu kitaalamu huitwa enterokolaitisi yenye nekrosi. Ni hali ambayo ukuta wa utumbo huvimba, hupungukiwa damu na hatimaye baadhi ya sehemu zake hufa. Utumbo wa mtoto aliyezaliwa mapema una ukuta mwembamba, msukumo wake wa chakula ni wa polepole na kinga yake haijakomaa. Bakteria wanaposhamiri ndani yake, mwili huitikia kwa uvimbe mkali ambao badala ya kulinda huharibu. Sehemu iliyokufa ikitoboka, vilivyomo ndani ya utumbo humwagika tumboni na maambukizi huenea katika damu.

Dalili za mwanzo si mahususi. Mtoto hulegea, joto la mwili hupanda na kushuka, hupumua kwa kusitasita, na maziwa aliyolishwa kwa mpira hubaki tumboni. Baadaye tumbo hujaa na kukakamaa, matapishi hugeuka kijani kwa nyongo, na choo huonesha damu. Mwaka 1978 daktari wa upasuaji Martin Bell na wenzake wa Marekani waliugawa ugonjwa huu katika hatua 3: unaoshukiwa, uliothibitishwa na uliokithiri. Mwaka 1986 Walsh na Kliegman waliuboresha mgawanyo huo, na hadi leo ndio unaotumika zaidi. Hatua ya pili huthibitishwa kwa picha ya eksirei inayoonesha viputo vya hewa ndani ya ukuta wa utumbo. Hatua ya tatu humkuta mtoto akiwa katika mshtuko wa mzunguko wa damu, na utumbo huweza kuwa umekwishatoboka.

Katika nchi tajiri, takriban asilimia 7 ya watoto wanaozaliwa na uzito wa gramu 500 hadi 1,500 hupata ugonjwa huu, na kati ya asilimia 20 na 30 ya wanaoupata hufariki. Wanaohitaji upasuaji hufariki kwa kiwango kikubwa zaidi. Baadhi ya wanaopona hubaki na utumbo mfupi usioweza kufyonza chakula cha kutosha, na wengine huchelewa katika ukuaji wa akili na viungo.

Jambo moja kuhusu wakati linapaswa kusisitizwa. Kadiri mtoto alivyozaliwa mapema zaidi, ndivyo ugonjwa unavyochelewa kujitokeza. Aliyekaribia kutimiza miezi huweza kuugua katika siku za mwanzo, ilhali aliyezaliwa mapema mno huweza kuugua katika wiki ya tatu au baada ya hapo. Hivyo basi, mtoto huweza kuonekana ametulia, anaongezeka uzito na familia inajiandaa kurudi nyumbani, wakati kipindi chake cha hatari hakijapita.

3.0 Viashiria vya hatima mbaya

Kubashiri hapa kuna maana mbili zinazopaswa kutenganishwa. Maana ya kwanza ni kujua ni mtoto yupi ataugua. Maana ya pili ni kujua, kati ya walioanza kuugua, ni yupi atafikia hatua ya tatu, atahitaji upasuaji au atafariki. Makala haya yanajikita zaidi katika maana ya pili, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama mtoto atabaki alipo au atapelekwa kwingine.

Viashiria vya kuzorota vinaweza kupangwa katika makundi 4. Kundi la kwanza ni hali ya kuzaliwa: uzito mdogo, hasa chini ya gramu 1,000, na umri mdogo wa ujauzito. Kundi la pili ni dalili za mwili: tumbo linaloendelea kukakamaa, ngozi ya tumbo kuwa nyekundu au kubadilika rangi, kupumua kwa kusita mara kwa mara, na damu kurudi polepole kwenye ngozi baada ya kubonyezwa. Kundi la tatu ni vipimo vya damu. Chembe sahani zinazoshuka chini ya 100,000 kwa mikrolita, chembechembe nyeupe zinazopungua badala ya kuongezeka, asidi inayozidi katika damu na sodiamu inayopungua, vyote huashiria kuwa tishu zinakufa. Protini ya CRP, ambayo ini huitengeneza kwa wingi mwili unapokabiliana na uvimbe, ikibaki juu baada ya siku kadhaa za matibabu huwa ni ishara ya jipu au ya utumbo kusinyaa. Kundi la nne ni picha: hewa katika mshipa unaopeleka damu ya utumbo kwenye ini, au hewa huru tumboni, ambayo ni ushahidi wa kutoboka.

Kundi la nne ndilo lenye uhakika mkubwa zaidi, na ndilo linalochelewa zaidi. Hewa huru tumboni haibashiri tena kwamba utumbo utatoboka, bali hutangaza kuwa umekwishatoboka. Chembe sahani zinazoshuka kati ya asubuhi na jioni hutoa onyo mapema zaidi. Kwa sababu hiyo, vipimo viwili vilivyofuatana vina maana kubwa kuliko kipimo kimoja: mtoto mwenye chembe sahani 140,000 leo, ambaye jana alikuwa na 260,000, anapaswa kutia wasiwasi ingawa bado yuko juu ya kizingiti.

4.0 Sababu za mizani ya kwingineko kutohamishika moja kwa moja

Watafiti wa nchi mbalimbali wameunda mizani ya alama kwa ajili ya kubashiri. Mmojawapo, uitwao NMR-2000 na uliochapishwa mwaka 2020, hubashiri kifo cha mtoto mwenye uzito usiozidi gramu 2,000 kwa kutumia mambo 3 tu: uzito wa kuzaliwa, kiwango cha oksijeni katika damu na aina ya msaada wa kupumua. Uliundwa kwa takwimu za Uingereza na kujaribiwa pia nchini Gambia. Sifa yake ni wepesi, lakini haukuundwa kwa ajili ya ugonjwa wa utumbo. Mizani mingine, inayohusu upasuaji wa utumbo, huhitaji kuotesha vijidudu kutoka katika damu, kupima gesi za damu na kupiga picha kila baada ya saa chache. Masharti hayo ni mazito kwa hospitali ya wilaya.

Ugumu haupo katika vifaa pekee. Kwanza, idadi ya wagonjwa haijulikani vyema pale ambapo picha ya eksirei haipatikani usiku au mashine haiwezi kupelekwa kitandani. Mtoto aliyefariki akiwa na tumbo lililojaa huandikwa katika rejista kuwa amekufa kwa maambukizi ya damu, na jina la ugonjwa wa utumbo halionekani. Pili, umri wa ujauzito mara nyingi hukadiriwa kwa tarehe ya hedhi ya mwisho, ambayo mama huweza asiikumbuke, na ultrasaundi ya miezi ya mwanzo haifanyiki kwa kila mjamzito. Uzito wa kuzaliwa hubaki kuwa kipimo kinachoaminika zaidi, ingawa huchanganya mtoto aliyezaliwa mapema na yule aliyedumaa tumboni. Kyela ni eneo la malaria, na malaria ya wakati wa ujauzito husababisha hali zote mbili.

Tatu, visababishi vya vifo hushindana. Pale ambapo watoto wengi wenye uzito chini ya gramu 1,000 hufariki katika siku za mwanzo kwa kushindwa kupumua, ni wachache wanaoishi hadi wiki ambazo ugonjwa wa utumbo hujitokeza. Huduma za watoto wachanga zinapoimarika, watoto hao huvuka wiki ya kwanza, na ugonjwa uliokuwa umefichika huanza kuonekana. Ongezeko la wagonjwa katika wodi iliyoboreshwa kwa hiyo halimaanishi kuwa huduma imeharibika. Linaweza kuwa matokeo ya mafanikio, nalo linahitaji maandalizi.

5.0 Hesabu ya ubashiri

Mfano wa kufikirika unaweza kuonesha ugumu wa uamuzi. Tuseme wodi imepokea watoto njiti 200, na 10 kati yao watapata ugonjwa mkali. Kanuni ya kwanza inasema: dalili yoyote moja ya tumbo inatosha kumweka mtoto katika kundi la hatari. Kanuni hii inawanasa 9 kati ya wagonjwa 10, lakini inawanasa pia 38 kati ya 190 ambao hawataugua. Jumla ni watoto 47, na ni takriban 1 kati ya kila 5 aliye mgonjwa kweli. Kanuni ya pili inadai dalili ya tumbo iambatane na chembe sahani kushuka au dalili za mshtuko. Hii inawanasa watoto 10 tu, na 6 kati yao ni wagonjwa. Uhakika umeongezeka, lakini wagonjwa 4 wameachwa.

Hakuna kanuni iliyo bora yenyewe. Ubora hutegemea hatua inayofuata na gharama yake. Kusimamisha maziwa, kuweka mpira wa kupunguza hewa tumboni, kutoa maji ya mshipa na viuavijasumu ni hatua zinazoweza kuanzwa hapo hapo, lakini si bure. Mtoto njiti asiyelishwa hupungukiwa nguvu haraka, sindano ya mshipa hufungua mlango wa maambukizi, na viuavijasumu vinavyotolewa kwa siku nyingi bila sababu huvuruga bakteria wa utumbo na vimehusishwa na ugonjwa uleule unaokingwa. Kwa mantiki hiyo, kanuni ya kwanza inafaa kuanzisha uangalizi wa karibu na kupumzisha utumbo kwa saa 24 hadi 48, kisha uamuzi kutazamwa upya. Kanuni ya pili inafaa kuanzisha maandalizi ya upasuaji. Wale 3 waliogunduliwa na kanuni ya kwanza lakini wakapitwa na ya pili hawajapotea, mradi tu wanachunguzwa tena kila baada ya saa chache na matokeo yanaandikwa.

Aidha, si kila alama ina uzito sawa. Mabaki machache ya maziwa meupe tumboni ni jambo la kawaida kwa njiti, na kuyapima kila mara huchelewesha ulishaji bila faida iliyothibitika. Mabaki ya kijani au yenye damu, pamoja na tumbo linaloongezeka mzingo, ni habari nyingine kabisa.

6.0 Ziwa, mlima na muda

Hesabu hiyo hubadilika inapowekwa katika jiografia ya Kyela. Mji wa Kyela upo katika bonde lenye joto, karibu na ziwa lililo takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Upande wa kusini-magharibi, mto Songwe ndio mpaka na Malawi. Upande wa mashariki, kilomita zipatazo 40 kutoka mjini, ipo Matema chini ya milima ya Livingstone, yenye hospitali ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Kupita Matema, milima huingia karibu moja kwa moja ziwani, na vijiji kama Ikombe hufikiwa kwa mtumbwi au kwa njia ya miguu. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika wakati wa masika, na baadhi ya vijiji hukatika na barabara.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda, inayohudumia Nyanda za Juu Kusini, ipo Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kyela. Barabara hupanda kupitia Tukuyu na kuvuka nyanda za Rungwe kwa mwinuko wa zaidi ya mita 2,000 kabla ya kushuka Uyole. Mtoto anayetoka kwenye joto la ufukwe huingia katika baridi kali ndani ya saa chache. Joto la mwili wa mtoto mchanga linapaswa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za selsiasi, na njiti aliyepoa huwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Safari yenyewe, kwa hiyo, ni sehemu ya hesabu.

Hapa ndipo thamani ya ubashiri wa mapema inapoonekana. Safari hiyohiyo ina hatari ndogo kwa mtoto ambaye bado ametulia, na hatari kubwa kwa mtoto aliyekwishaingia katika mshtuko. Kungoja uhakika kunamhamisha mtoto kutoka kundi la kwanza kwenda la pili. Kwa aliye mjini Kyela, karibu na maabara, inawezekana kumchunguza kwa saa kadhaa kabla ya kuamua. Kwa aliye katika zahanati ya mwambaoni, ambako chombo cha kumvusha hutegemea upepo na mchana, dalili moja ya wazi kama matapishi ya kijani au damu katika choo inatosha kumpeleka penye picha na vipimo. Kizingiti kimoja kwa wilaya nzima kingemdhulumu aliye mbali.

Njia salama ya kumsafirisha ni kifuani kwa mama au ndugu, ngozi kwa ngozi, akiwa amevikwa kofia na kufunikwa vizuri, mpira wa kupunguza hewa ukiwa mahali pake, na taarifa ikiwa imetangulia huko anakopelekwa. Utafiti uliofanyika katika hospitali 5 za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionesha kuwa kuanza njia ya kangaroo mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya siku 28 za mwanzo kutoka asilimia 15.7 hadi 12.0 miongoni mwa watoto wenye gramu 1,000 hadi 1,799. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo kwa watoto wote njiti. Faida yake nyingine kwa mada hii ni kwamba mama anayekaa na mtoto kifuani usiku na mchana ndiye wa kwanza kuhisi tumbo likikakamaa au pumzi ikisita. Akielezwa dalili hizo kwa lugha anayoielewa, kiwe Kiswahili, Kinyakyusa au Kikisi, anakuwa sehemu ya mfumo wa ubashiri, hata baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani.

Upasuaji nao si wa namna moja. Kwa mtoto mdogo mno, daktari anaweza kupitisha mpira mdogo wa kutoa usaha na hewa tumboni badala ya kufungua tumbo lote. Utafiti wa mwaka 2006 uliohusisha watoto 117 nchini Marekani na Canada haukuona tofauti ya vifo kati ya njia hizo mbili. Hata hivyo, zote zinahitaji mtoto afike akiwa hai na akiwa na nguvu ya kustahimili.

7.0 Kupunguza idadi ya wanaohitaji kubashiriwa

Ubashiri hauchukui nafasi ya kinga. Mwaka 1990 Lucas na Cole walichapisha matokeo ya utafiti wa watoto njiti 926 nchini Uingereza, wakaonesha kuwa ugonjwa huu ulitokea mara 6 hadi 10 zaidi kwa waliolishwa maziwa ya kopo pekee kuliko kwa waliolishwa maziwa ya mama pekee. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa na kutolewa kwa mpira kwa kiasi kinachoongezwa taratibu ndiyo kinga ya kwanza iliyopo katika kila hospitali ya mwambao. Jambo hili linawahusu pia akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mama anayetumia dawa ipasavyo hushauriwa kunyonyesha, na hofu ya maambukizi isimfanye akimbilie maziwa ya kopo kwa mtoto njiti bila ushauri. Kwa mtoto ambaye mama yake hana maziwa, benki ya maziwa ya mama kama ile iliyofunguliwa katika Hospitali ya Pumwani, Nairobi, mwaka 2019 inaonesha kuwa huduma hiyo inawezekana Afrika Mashariki. Aidha, sindano za kotikosteroidi anazopewa mjamzito anayetarajiwa kujifungua mapema, katika hospitali yenye uwezo wa kumhudumia mtoto, hukomaza mapafu na hupunguza pia ugonjwa wa utumbo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba hatima mbaya ya ugonjwa wa utumbo kwa njiti inaweza kubashiriwa kwa viashiria ambavyo hospitali ya wilaya inaweza kuvipata: uzito, mwonekano wa tumbo, rangi ya matapishi, joto, pumzi na mwenendo wa chembe sahani. Kinachohitajika kwanza ni karatasi ya ufuatiliaji inayojazwa kila zamu, ili badiliko la leo lilinganishwe na hali ya jana. Kinachohitajika pili ni makubaliano ya mapema kati ya zahanati, hospitali ya wilaya na hospitali ya rufaa kuhusu dalili zinazotosha kuanzisha safari, kwa kuzingatia umbali wa kila kijiji na majira ya mvua. Tatu, rejista za wodi zinapaswa kuwa na nafasi ya kuandika ugonjwa wa utumbo unaoshukiwa hata pasipo picha ya eksirei. Takwimu hizo zikikusanywa kwa miaka michache, zitawezesha kuundwa kwa mizani inayotokana na watoto wa mwambao huu wenyewe, na watakaozaliwa baadaye hawatapimwa tena kwa makadirio yaliyofanywa mbali nao.